Fangasi za Miguu: Somo la Udhu Tulilolifundisha Nusu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, leo tuna maneno machache kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, na tena tunaona haya kulitaja: ugonjwa wa muwasho na kuchubuka baina ya vidole vya miguu. Wengine huuita fangasi, wengine ukungu wa miguu, na huku kwetu Burundi wengi wamechukua jina la Kifaransa wakasema mikozi. Tumeamua kuliandika kwa sababu jambo hili lilitufunulia kosa letu, na kosa la mwalimu halimuumizi mwalimu peke yake.

KIJANA ALIYEACHA KUJA MADRASA

Sisi tunafundisha watoto hapa Magara, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Wanaoijua sehemu hii wanayajua maisha yake. Usiku wavuvi huingia ziwani na taa zao kutafuta ndagala, alfajiri mitumbwi hurudi, na watoto wengi huwasaidia wakubwa wao ufukoni kabla ya kwenda shule. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa mazito. Ziwa lilipanda, maji yakaingia kwenye nyumba za watu wa mwambao, Rumonge mjini pia, na kwa wiki nyingi ilikuwa shida kumpata mtu mwenye viatu vikavu.

Siku hizo alikuwapo mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 13, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma Qur'ani. Alfajiri alikuwa akimsaidia mjomba wake kushusha samaki, amevaa mabuti ya mpira ya kaka yake. Akitoka hapo alivaa viatu vya shule bila kujifuta miguu, na jioni alikuja madrasa na viatu vile vile. Tukikaa kwenye mkeka harufu ilikuwa inasikika, na wenzake wakaanza kusogea mbali naye.

Siku moja tukamwambia mbele ya wenzake wote: "Wewe hukuosha miguu sawasawa. Nenda ukatawadhe upya." Akaenda, akarudi miguu inachuruzika maji, na harufu iko pale pale. Watoto wakacheka. Kesho yake tukafundisha somo la udhu, tukaeleza onyo la Mtume (S.A.W.) kwa wanaoacha visigino vyao vikavu, hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Hatukumtaja jina, lakini macho yetu yalikuwa kwake, na yeye alijua. Siku ya tatu hakuja.

Baada ya siku nane mama yake akatufikia baada ya swala ya Alasiri. Akasema: "Ustadh, mtoto hataki kuja. Na swala pia ameacha. Nikimuuliza anasema, nitaswalije na mimi sina udhu?"

Ndugu zetu, maneno haya yalitukata maini. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa ameamini kwamba miguu yake haitoharishiki, na aliyemwaminisha hivyo ni sisi.

Tukaondoka pamoja na mama yake mpaka nyumbani. Tukakuta mguu wa kulia umevimba, mwekundu, wa moto mpaka kwenye kifundo. Baina ya kidole kidogo na kinachokifuatia ngozi ilikuwa nyeupe kama iliyolowekwa, imepasuka na inatoa maji. Tulipomuuliza alichofanya, alisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akisugua kwa sabuni mara tano kila siku, na alipoona harufu haiondoki akatia javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Mtoto alijiunguza ngozi ili apate udhu.

Tukamchukua kwa pikipiki mpaka kituo cha afya. Muuguzi alituambia kwamba chanzo ni fangasi, na kwamba kupitia zile nyufa vijidudu vingine vimeingia ndani ya nyama. Akampa vidonge vya kutibu uvimbe kwanza, na malhamu ya fangasi. Kisha akauliza: nani mwingine pale nyumbani au madrasa ana muwasho? Akatutazama sisi. "Na wewe Shehe, vua soksi nione."

AIBU YETU WENYEWE

Hapo ndipo tulipopatikana. Kwa miaka sita hivi tulikuwa tukivaa soksi msikitini hata kwenye joto. Watu walidhani ni heshima ya mavazi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaficha nyayo zilizokauka na kubanduka maganda kama unga, na ukucha wa kidole gumba uliokuwa mnene na wa manjano.

Tulijaribu kujitibu. Sokoni tuliuziwa tyubu moja, muuzaji akasema inatibu kila kitu cha ngozi. Siku tatu muwasho ukaisha, tukamshukuru Mungu. Tulipoacha, ukarudi na kupanda mpaka juu ya mguu. Tukapaka tena, na ikawa hivyo kwa miezi. Muuguzi alipoiona tyubu ile alituonyesha jina lililoandikwa ubavuni: betamethasoni. Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi. Inatuliza muwasho na wekundu, lakini haiui fangasi, bali inaidhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi zinapata nafasi ya kuenea kimyakimya. Dawa za jamii hiyo hiyo ndizo zinazotiwa katika baadhi ya malhamu ya kujichubua rangi yanayouzwa masokoni, basi dada zetu nao wachukue tahadhari.

Kwa hiyo mwalimu aliyemtoa mtoto mkekani kwa harufu ya miguu, alikuwa na ugonjwa ule ule ndani ya soksi. Na huenda, Allah ndiye Mjuzi, sisi ndio tuliouleta kwenye mkeka ule.

UGONJWA HUU NI NINI?

Fangasi ni viumbe vidogo vya jamii ya ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliokaa. Zile za miguu hula ile ngozi ngumu ya juu, na pia kucha na nywele. Zinapenda mahali penye joto, giza na unyevunyevu. Baina ya vidole viwili vya mwisho vya mguu ndipo panapobana zaidi, kwa hiyo ndipo panapochelewa kukauka, na ndipo ugonjwa unapoanzia mara nyingi.

Unajitokeza kwa sura tatu. Ya kwanza ni ile ya baina ya vidole: ngozi nyeupe, laini, inayopasuka, yenye muwasho na harufu. Ya pili ni ukavu wa unyayo na pembeni mwa mguu, wenye maganda membamba. Huu wengi hudhani ni ukavu wa kawaida tu. Ya tatu ni malengelenge madogo yanayowasha sana, hasa kwenye upinde wa unyayo.

Si kila muwasho wa mguu ni fangasi. Funza ana kidoa cheusi katikati ya uvimbe mdogo, mara nyingi kandokando ya kucha, na yeye anataka kutolewa na mtu anayejua, kwa chombo safi. Na kama muwasho uko juu ya mguu, umekaa kwa umbo la mkanda wa kandambili, huenda ngozi inaikataa ile raba. Usipokuwa na hakika, onyesha kwenye kituo cha afya.

Ugonjwa unaambukiza kwa magamba madogo ya ngozi yanayodondoka. Yanabaki kwenye sakafu zenye maji, kwenye mazulia, ndani ya viatu na kwenye taulo, na yanaweza kukaa hai kwa muda mrefu yakimsubiri mtu mwingine. Mwaka 1998 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi wao juu ya fangasi za miguu na za kucha katika jamii ya Waislamu wa mji ule. Basi hili si la Magara peke yake. Popote watu wanapotawadha mara tano kwa siku, wakavaa viatu miguu ikiwa mibichi, na kukanyaga sakafu moja, fangasi hupata njia.

JE, UDHU NDIO UNAOLETA UGONJWA?

Hasha. Kuosha ni kusafi, na miguu inayooshwa mara kwa mara iko mbali na uchafu. Kinachodhuru ni maji kubaki baina ya vidole kisha mguu ukafungiwa ndani ya soksi na kiatu. Katika Suratul Maida aya ya 6 Allah (S.W.) ametuamrisha kuosha miguu mpaka kwenye vifundo viwili. Mtume (S.A.W.) akamuusia sahaba Laqit bin Sabira (R.A.) akamilishe udhu na apitishe maji baina ya vidole, na sahaba Mustaurid bin Shaddad (R.A.) akasimulia kwamba alimwona Mtume akisugua baina ya vidole vya miguu kwa kidole chake kidogo. Sunna hii peke yake inakupeleka, kila siku, mahali pale pale ugonjwa unapoanzia. Anayeifanya kwa makini atajua mapema kama ngozi imelainika au imepasuka.

Sisi tulikuwa tunaifundisha vizuri sehemu hiyo, tena kwa kuonyesha. Tulichokuwa hatufundishi ni kinachofuata: jifute.

Mzee mmoja wa msikiti wetu alituuliza: "Ustadh, kujifuta maji ya udhu si kufuta thawabu?" Ni swali zuri. Imekuja katika Sahihi Muslim kwamba dhambi hutoka pamoja na maji ya udhu. Dhambi zilizotoka, inshaallah zimetoka, taulo halizirudishi. Ni kweli pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kitambaa na mama Maimuna (R.A.) baada ya kuoga josho akakiacha, na kwa hiyo wanazuoni wamehitilafiana kama kuacha kujifuta ni bora au ni sawa tu. Lakini maneno yao hayo ni pale ambapo hakuna haja. Kulinda mguu usioze ni haja.

Na mwenye vidonda je? Katika Sunan Abi Daud imo habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kuacha kuoga, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Basi tuelewe hivi:

1. Fangasi haitengui udhu, wala harufu haitengui udhu. Aliyeosha miguu yake mpaka vifundoni ana udhu kamili.

2. Malhamu iliyonywea ndani ya ngozi haizuii udhu. Ikibaki tabaka nzito ya mafuta inayozuia maji, ioshwe kwanza kwa sabuni.

3. Mwenye kidonda ambacho tabibu amesema maji yatakidhuru, sheria imempa ruhusa. Kuna kupangusa juu ya bandeji, na kuna tayammamu. Amuulize mwalimu wake namna ya kufanya, wala asijiunguze kwa dawa za kufulia.

TIBA

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, kwani Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dawa ya hii, alhamdulillahi, ipo na si ghali.

Malhamu ya klotrimazoli au mikonazoli hupakwa mara mbili kwa siku, kwa muda wa wiki nne hivi. Ya terbinafini huchukua muda mfupi zaidi, wiki moja au mbili. Ipo pia malhamu ya zamani ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, ambayo Shirika la Afya Duniani liliwahi kuiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Inafaa kwa ngozi kavu yenye maganda, si kwa ngozi iliyopasuka, maana itachoma. Fuata maelezo ya muuguzi au ya farmasi.

Watu wengi hushindwa kwa sababu moja: wanaacha dawa siku muwasho unapoisha. Muwasho huisha mapema, fangasi bado zipo. Endelea mpaka siku ulizoambiwa zitimie, na kwa klotrimazoli ongeza wiki mbili hivi baada ya ngozi kuonekana nzima.

Sisi tumepata wakati unaofaa kwa mwenye kuswali. Paka baada ya Isha ukishamaliza kutawadha na kuswali, na paka baada ya Alfajiri. Kila wakati dawa inapata saa kadhaa kabla ya udhu unaofuata. Osha, futa mpaka pakauke kabisa baina ya kila kidole, paka, kisha osha mikono.

Mpeleke mgonjwa kwa tabibu bila kuchelewa ikiwa mguu umevimba na una joto, ikiwa ana homa, ikiwa kucha zimeingiwa, au ikiwa wiki nne zimepita bila nafuu. Fangasi za kucha kwa kawaida hutaka vidonge vya miezi kadhaa kwa usimamizi wa daktari. Mapunye ya kichwani kwa watoto nayo hayaponi kwa malhamu peke yake. Na mwenye kisukari asisubiri hata siku moja, kwani kwake ufa mdogo wa mguu unaweza kuwa kidonda kikubwa.

NYUMBANI NA MSIKITINI

Haya ndiyo tuliyoyabadilisha, na mnaweza kuyafanya popote mlipo:

1. Kila mtoto ana kitambaa chake kidogo cha miguu, kipande tu cha khanga kuukuu, hakichangiwi. Kinafuliwa na kuanikwa juani.

2. Kandambili za chooni hapo msikitini zinaoshwa kwa sabuni na kuwekwa juani kila siku. Mwenye uwezo anakuja na zake. Kutembea miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji si unyenyekevu.

3. Mahali pa kutawadhia tumepatengenezea njia ya maji, yasituame. Mikeka na mazulia hutolewa nje siku ya jua.

4. Viatu vilivyolowa havivaliwi kesho yake kama kuna vingine. Kama hakuna, vinafunguliwa vizuri na kuwekwa mahali penye upepo usiku kucha. Mabuti ya mpira yavuliwe mara kazi inapokwisha.

5. Soksi zibadilishwe kila siku na zifuliwe kwa maji ya moto. Mwenye fangasi avae soksi kabla ya nguo ya ndani, ili asihamishie ugonjwa kwenye mapaja.

6. Akiugua mmoja, wakaguliwe wote wa nyumba ile, baba na mama wakiwa wa kwanza kuonyesha miguu yao.

Hilo la sita ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tunalolisisitiza. Mtoto hawezi kusema kinachomuuma katika nyumba ambayo wakubwa wanaficha.

TULIPOOMBA RADHI

Wiki tatu baada ya siku ile ya pikipiki, kijana alirudi madrasa. Uvimbe ulikuwa umeisha na ngozi imeanza kufunga. Tulikwishafikiri sana la kumwambia. Tulimtahayarisha mbele ya watu, kwa hiyo tukaona si haki kumuomba radhi pembeni.

Tukawakalisha watoto wote, tukavua soksi, tukawaonyesha ukucha wetu na nyayo zetu. Wakanyamaza. Tukawaambia: "Ugonjwa huu mwalimu wenu anao, tena kwa miaka. Ndugu yenu alikuwa na udhu siku ile. Aliyekosa ni mimi." Kisha tukamgeukia yeye tukasema, "Mwanangu, nisamehe." Akainama, hakusema kitu. Baada ya kitambo akasema, "Nimekusamehe, Ustadh." Tukamuuliza kama anaswali. Akasema tangu siku ile muuguzi alipomweleza, anaswali, na zile zilizompita anazilipa kidogo kidogo.

Siku ile somo la udhu tulilifundisha upya, na yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake: kidole kidogo baina ya vidole, maji mpaka kifundoni, kisha kitambaa. Baada ya darasa watoto wanne wakabaki nyuma, mmoja mmoja, wakituonyesha miguu yao. Wanne, katika darasa dogo lile! Wote walikuwa wakinyamaza, na sisi tulidhani harufu ni ya mmoja.

Nyayo zetu zimepona baada ya wiki za malhamu. Ukucha bado unaendelea kuota mpya, taratibu, na vidonge vyake tumevimeza chini ya uangalizi wa daktari. Soksi msikitini hatuvai tena.

Ndugu zetu, kabla hatujamwambia mtoto wa mtu kwamba hana tohara, tumuulize kwanza anaumwa nini. Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua na kwa kiburi, awaponye wagonjwa wetu, na awafanye watoto wetu wapende swala zao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.